Mifuko Mitatu ya Damu

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Béatrice lilikuwa kuonja ndagala, dagaa wa ziwani, mezani. Akasema, "Marcellin, chumvi umeiogopa," akaongeza mwenyewe. Usiku huo alipelekwa hospitalini, hakurudi. Tangu mazishi, mumewe Marcellin, mwalimu wa biolojia, alipita kijiweni pale mtaa wa Songo bila kuketi. Siku iliyofuata kuondolewa kwa msiba, ndugu wa marehemu wakiwa wamekwisha kunyoa nywele kwa desturi, aliketi. Ubao wa kuketia ulikuwa uleule, na watu walewale watatu ambao wakati wa mvua walikwenda kumtolea Béatrice damu, kila mmoja mfuko wake, uboho wake ulipokuwa umeacha kuitengeneza: Basile, aitwaye Docta kwa kuwa aliwahi kulinda mlango wa duka la dawa, Emery, aitwaye Avoka, yaani wakili, ambaye hajawahi kushinda kesi, na Gédéon, fundi wa pikipiki, aitwaye Kimya. Kimya alikuwa amenyoa kipara.

— Prof, karibu, alisema Docta. Umekuta kesi. Kimya amenyoa kama ndugu ya marehemu.

— Damu yangu ilizikwa naye, alisema Kimya. Ningefanya nini?

— Ni ndugu, alikata Avoka. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ile damu ilikaa miezi. Ilikuwa inalima tayari.

— Basi na minye ninyoe?

— Weye, Docta, hauna nywele. Kesi imefungwa.

Déborah, muuza kahawa aliyeanza kazi pale wiki hiyo, alimimina vikombe vinne. Docta akapuliza chake.

— Damu iko na kumbukumbu. Béatrice, kisha kupata yangu, alianza kukataa nyama ya mbuzi. Minye mbuzi sikulaka tangu utoto.

— Alikataa juu ya maumivu ya meno, Docta, alisema Marcellin.

— Meno inatoka kwa mufupa, mufupa iko na uboho, uboho inatengeneza damu. Njo maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Muache, Prof, alisema Avoka. Kama damu kuingia kwa muntu ni undugu, imbu ya Songo ni mukwe ya quartier nzima. Lakini sheria ni sheria. Kimya ni kaka ya Béatrice. Basi ni kaka ya Noella pia.

Kikombe cha Kimya kilitua ubaoni, kahawa ikamwagika.

Noella alikuwa mdogo wa Béatrice. Ndiye aliyemuuguza dada yake hospitalini wakati ule wa mvua, na kila jioni Kimya ndiye aliyemrudisha Noella nyumbani kwa pikipiki. Marcellin alidhani ni wema tu. Sasa alielewa.

— Prof, weye ulisoma, alisema Kimya. Noella anakubali, lakini alisema nikuulize kwanza. Nikimuoa, niko naoa dada yangu?

Marcellin alimgeukia.

— Hapana, alisema Marcellin. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo vyenye uhai. Katikati ya seli nyingi mna kiini, na ndani ya kiini mna maagizo ya ukoo: pua ya baba, urefu wa bibi. Seli nyekundu ya damu ikikomaa hukitupa kiini chake, ipate nafasi ya kubeba hewa. Haijui mtu ni wa ukoo gani.

— Na zile nyeupe? aliuliza Avoka.

— Zina kiini, lakini ugenini hazidumu. Nyekundu huishi miezi mitatu, minne, kisha mwili huzivunja. Hukuwa kaka yake, Gédéon.

Kimya alishusha pumzi. Marcellin alikizungusha kikombe mkononi.

— Lakini seli zenu zilibeba hewa. Pasaka alipika. Alikwenda kanisani kwa miguu yake. Jioni ile aliponiambia chumvi ni kidogo, alikuwa anapumua kwa damu yenu. Sikuwahi kuwaambia asante. Asanteni.

— Chumvi ilikuwa kidogo kweli? aliuliza Docta.

— Kweli.

— Musinikasirikie, alisema Déborah, minye ni mugeni hapa. Kama hamukukuwa ndugu zake, mulitoa damu juu ya nini?

Docta alisukuma kikombe chake kuomba kahawa nyingine. Déborah aliinamisha termosi, likatoka tone moja.

Kesho yake asubuhi Marcellin alivaa koti la harusi yake, akapanda nyuma ya pikipiki ya Kimya mpaka kijiji cha Lubarika, kwa baba mkwe wake, babake Noella. Uani viti vilikuwa vimepangwa pande mbili, wenye nyumba huku, waliokuja kuposa kule. Mzee alimshika mkono mkwe wake, akamwonyesha kiti upande wa wenye nyumba, mahali pake pa siku zote.

Marcellin alishukuru. Akakibeba kile kiti, akavuka ua, akakiweka kando ya Kimya, akaketi.