Bi Demetria, Mfunga Mkia wa Lupanga

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Naliandika leo kwa sababu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Demetria anastaafu baada ya kuwa mkutubi wa shule yetu hapa Mabibo kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka jana, kidato cha pili tulipokwenda Morogoro kupanda kilele cha Lupanga, si yeye aliyeshindwa kufika juu. Ni mimi.

Alipoanza kazi mwaka 1994, maktaba ilikuwa kabati moja ndani ya ofisi ya walimu. Leo ni vyumba viwili. Vitabu vilivyochelewa alivifuata mpaka nyumbani. Wazazi wa Buguruni wanamjua kwa hodi yake. Kitabu kikirudi na doa la mafuta ya maandazi, husema kimeshakunywa chai, akakifuta na kukirudisha rafuni.

Katika safari za Lupanga kazi yake ni kufunga mkia. Hutembea nyuma ya wote na kisanduku cha huduma ya kwanza na mfuko wa machungwa. Karibu na kilele kuna gogo, na kila mwaka yupo mwanafunzi anayekaa pale akagoma. Bi Demetria hukaa naye. Wengine wakishuka huwaambia, "Haya, nisimulieni," kisha huandika daftarini walichokiona: mji, reli, bwawa likimeta.

Mwaka jana niliyekaa ni mimi. Nilichoka, nikalia. Alinimenyea chungwa. Wenzangu waliposhuka nikawaambia Madam amechoka, nimebaki kumwangalia.

"Kumbe Madam milima anapandia kwenye ramani!" Yazid akadakia, wote wakacheka.

Yeye alinitazama tu, akafungua daftari. Utani huo umemfuata mwaka mzima.

Mwezi Machi, nikimsaidia kupanga rafu, nililisoma daftari lile. Safari kumi na tisa, masimulizi yote ya wanafunzi. Hajawahi kufika juu. Na ya Oktoba ingekuwa safari yake ya mwisho.

Nikaanza kupanda ngazi za madarasa kila asubuhi, mara ishirini. Nikamwomba Mwalimu Brightson wa Jiografia anichukue kama msaidizi na anipe kisanduku.

Oktoba ikafika. Pale gogoni, Rumaisa wa kidato cha pili akakaa chini. Bi Demetria naye akaanza kukaa.

"Madam, leo mkia ni mie. Tangulia."

"Na ngazi zote zile ulizopanda?"

"Utanisimulia."

Alinikabidhi machungwa na daftari, akapanda polepole, bila kugeuka.

Bi Demetria, asante kwa machungwa, na kwa kuninyamazia. Tunakuombea maisha mema huko Bukoba unakohamia, na safari hii utembee mbele.

Siku ile nilikaa na Rumaisa mpaka akaacha kulia. Bi Demetria aliposhuka nilimmenyea chungwa, nikafungua ukurasa mpya wa daftari, nikamwambia, "Haya Madam, nisimulie." Niliandika kurasa nne.