Mama Kaswera, mwalimu aliyepeleka shule mu soko

Bapendwa mulioacha kazi zenu mukakuja kutusindikiza, kwa jina la jamaa nawasomea maisha ya mama yetu Kaswera Emérence, na kama mutacheka musione haya, yeye mwenyewe angecheka wa kwanza.

Alizaliwa Luofu, tarehe 14 mwezi wa tatu 1961, mu jamaa ya balimaji wa viazi, akasoma primaire palepale, secondaire hapa Butembo mpaka diplome mwaka 1981, kisha akaenda Kisangani kusoma uchumi, akarudi mwaka 1987 na licence, na mudomo usioogopa mutu.

Alianza kufundisha Beni, na huko akaonana na mwalimu mwenzake Lusenge Jean-de-Dieu, bakafunga ndoa tarehe 6 mwezi wa nane 1988, Mungu akabajalia batoto batatu, Tamar, Luc na Ornella, na bajukuu saba.

Mwaka 1998 aliitwa kufundisha mu shule kubwa ya biashara, hapa Butembo mu mutaa wa Mususa, na moyo ulimuuma kuona viazi ya kwao ikioza mu soko, huku vijana banakariri biashara ya inchi za mbali. Akaanza kutuma banafunzi kwa bachuuzi, mpaka mwezi wa saba 2014 bakubwa wa shule bakamuita mu bureau, bakamwambia, "Madame, hii ni shule, hapana soko, ukiendelea tutakufukuza." Wiki ileile akapeleka soutenance ya mwanafunzi Sagesse, siku ya kutetea kazi yake ya mwisho juu ya biashara ya viazi, katikati ya soko, akaalika bakubwa balebale, na mu jury ya kuuliza maswali akaketisha Mama Hadidja, muuzaji wa viazi.

Sagesse alitoa Kifaransa kizuri, batu bakapiga makofi, lakini Mama Hadidja akauliza, "Mwanangu, mvua ikikata barabara wiki mbili, viazi yangu itangojea wapi?"

Sagesse akajikuna kichwa, "Mais mama, ile hapana mu kitabu."

Soko yote ikacheka, bakubwa nabo, na Kaswera akamwambia, "Basi enda Luofu, utarudi na jibu."

Sagesse alibaki kule miezi mine pamoja na balimaji, bakajenga ghala ya mbao, yenye giza, upepo ukipita chini, na viazi ikakaa wiki nane bila kuoza. Bakubwa hawakumufukuza tena, balimupa uongozi wa shule, na mpaka leo hakuna soutenance bila muchuuzi mu jury, na akina mama banaouza kakao ya Eringeti nabo baliomba batumiwe banafunzi.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2025 ugonjwa wa sukari ulimulaza hospitali, na hata huko alishuka kitandani kupanga upya mustari wa bagonjwa mbele ya farmasi, mpaka infirmière akamurudisha kulala, kisha muuguzi yule mwenyewe akaufuata mupango wa mama. Alituacha siku ya ine, tarehe 12 mwezi wa sita, alfajiri, mukono wake ndani ya mukono wa Lusenge.

Tunashukuru munganga Kitsa na bauguzi bote, majirani ba Mususa muliotupikia, na balimu wenzake. Banafunzi, mama aliacha neno moja, soutenance ya siku ya posho, Jumamosi, isiahirishwe kwa sababu ya kilio, donc muvae vizuri, muende, mujibu.

Na wewe, Mama Kaswera, umefundisha vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.