Kurasa 1,312 za Bi Daftari

Bi Daftari anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30, baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne ya kuhudumia mabomba ya maji ya mji huu. Alianza kama mchimba mitaro, akawa fundi, na kwa miaka kumi na tisa ya mwisho amekuwa msimamizi wa valvu zote zilizofukiwa chini ya barabara zetu. Desturi ya jarida hili la wafanyakazi ni kumshukuru mstaafu, kumsifia kidogo, kisha kumwacha aende kukata keki. Safari hii kuna jambo la kusema kabla ya keki, nalo halifurahishi.

Tuanze na yanayofurahisha. Alipoajiriwa, genge la wachimbaji lilikuwa na wanaume ishirini na yeye. Walimpa koleo lenye mpini uliopasuka, wakakaa kusubiri alalamike. Aliufunga mpini kwa waya, akachimba hadi saa kumi, kisha akatoa daftari la shule mfukoni akaandika tarehe, mtaa, kina cha bomba na aina ya udongo. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Wakamcheka, wakamwita Bi Daftari, na jina likaganda kiasi kwamba ofisi ya utumishi iliwahi kutafuta faili lake kwa jina hilo asubuhi nzima.

Wanaomjua watakumbuka siku gari la mkurugenzi mmoja, ambaye naye alishastaafu, lilipoegeshwa juu ya mfuniko wa chemba aliyotakiwa kushuka. Hakuomba lisogezwe. Alichuchumaa kando ya tairi, spana mkononi, akawa anaandika kila dakika inayopita kwa sauti, mpaka dereva akaona haya akaliondoa. Mumewe, fundi cherehani, huwaambia wageni kwamba alioa mke mmoja lakini yalihamia madaftari arobaini na moja, na kabati la vyombo halijawahi kuona sahani.

Madaftari hayo yalikuwa na kasoro moja: yalifuata tarehe, na mabomba hayafuati tarehe. Miaka minane iliyopita bomba kuu lilipasuka nyuma ya shule ya msingi. Bi Daftari alijua aliwahi kuandika ilipo valvu ya kulifunga, na sasa lami mpya ilikuwa imeifunika. Alichokuwa hajui ni ameandika kwenye daftari lipi. Alilipata baada ya saa mbili na dakika arobaini, daftari la kumi na tisa, katikati ya habari za buti zilizotoboka na mvua ya Alhamisi. Wakati huo madarasa matatu yalikuwa na maji ya magotini, na vitabu vya darasa la kwanza vikielea.

Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe. Binti yake, ambaye ni mkutubi, ndiye aliyemwonyesha namna nyingine ya kuandika. Inaitwa wiki, na haina uhusiano na Jumatatu wala Jumapili, ingawa bosi mmoja aliuliza ni wiki hii au ijayo. Ni mkusanyiko wa kurasa ndani ya kompyuta. Kila kitu hupewa ukurasa wake, na ukitaja kitu chenye ukurasa, jina lake linakuwa mlango: unalibonyeza, unaingia. Ukurasa wa mtaa unakupeleka kwenye valvu zake, wa valvu kwenye bomba lake, wa bomba kwenye pampu inayolisukuma. Ukijua jipya unarekebisha palepale, na maneno ya zamani yanabaki nyuma, ukitaka kuona ulikuwa unafikiri nini.

Bi Daftari aliomba kompyuta iliyokuwa imetupwa stoo, ile yenye herufi mbili zilizofutika, akaiweka kwenye meza ya pembeni ya karakana, chini ya dirisha lisilofunga. Kwa miaka miwili, kila siku kabla ya zamu kuanza, alihamisha daftari moja moja. Alipomaliza hakupumzika. Kila kazi mpya ya kuhamisha bomba ilipata ukurasa siku ilipoanza: nani aliamua, kwa nini, nini kilijaribiwa kikashindikana. Leo kurasa zimefika 1,312. Mafundi wa karakana walianza kupita pale mezani kabla ya kupakia vifaa, kama mtu anavyochungulia nje kuona kama kunanyesha. Katika miaka sita iliyofuata hakuna timu iliyochimba mahali pasipotakiwa. Takwimu hiyo imo kwenye ripoti za idara, bila jina la mtu yeyote.

Ukurasa uliosomwa kuliko zote unaitwa Makosa Yangu. La kwanza kwenye orodha ni kosa la mwaka wake wa pili kazini. Valvu zetu nyingi hufungwa kwa kuzungusha kulia. Lipo kundi la zamani, lililotoka kiwanda kingine, ambalo hufungwa kushoto, na kwa juu zote zinafanana. Bi Daftari hakulijua hilo. Alilazimisha kulia, akakata chuma cha kuzungushia, na mtaa mzima ukakaa siku mbili bila maji. Aliliandika bila kujitetea, na chini yake akaorodhesha valvu zote hamsini na tatu za aina hiyo, kila moja ikiwa mlango.

Sasa hayo mengine. Mwaka jana ofisi kuu ilileta Mfumo Mpya. Mshauri aliyeuweka alikaa nasi siku tisa na hakushuka chemba hata moja. Ndani yake kila valvu ina namba, alama ya wazi au imefungwa, na nafasi ya maelezo yenye herufi sitini. Hakuna pa kuandika inafungwa upande gani. Hakuna pa kuandika kwa nini. Miezi mitatu iliyopita ukaja waraka: kumbukumbu zote zilizo nje ya Mfumo Mpya ni taarifa zisizo rasmi, na kompyuta ya mfanyakazi yeyote anayestaafu itafutwa saa kumi alasiri ya siku yake ya mwisho.

Bi Daftari aliandika barua kuomba kurasa zinakiliwe kabla hazijafutwa. Hakuomba kusifiwa wala kuongezewa siku. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa neno moja: imepokelewa. Ya tatu ilimletea barua ya onyo. Mtu wa ofisi kuu alikuwa ameufungua ukurasa wa Makosa Yangu, na alichokiona humo ni mfanyakazi aliyekiri kuharibu mali ya taasisi bila kutoa taarifa.

Jarida hili lilikwenda kwenye chumba cha majalada. Ilichukua dakika ishirini. Taarifa ya valvu ile ipo, ya miaka thelathini na moja iliyopita, ina sahihi yake chini na sahihi ya mkuu wake kando. Aliitoa siku ileile. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa amebakiza wiki tano astaafu alipewa onyo kwa kosa alilokwisha kuliripoti kabla mwandishi wa onyo hilo hajaanza shule. Onyo la kwanza maishani mwake kazini. Alilisoma akiwa amesimama, akalikunja, akaenda kukagua pampu.

Tarehe 12 mwezi huu alikuwa nyumbani akimalizia siku zake za likizo. Kitengo cha kompyuta kilikuwa kimekwisha kubadili neno la siri la kompyuta yake, ili, kwa maneno yao, mambo yasirundikane mwishoni. Saa nne asubuhi bomba lilipasuka mbele ya hospitali ya wazazi. Maji yalikuwa yanaingia kwenye chumba cha jenereta. Msimamizi wa zamu, ambaye karakana nzima inamwita Spana, alifungua Mfumo Mpya kwenye simu. Ukamwambia valvu ipo na iko wazi. Akashuka, akazungusha kulia, ikagoma. Aliongeza fundi mmoja kwenye mpini, wakasukuma wawili, ikagoma. Hapo akasita, akampigia Bi Daftari kumuuliza ile ya mbele ya wazazi inafungwa upande gani.

“Baba, sikumbuki,” alimjibu. “Ndiyo maana niliandika.”

Waliosimama karibu na chemba wanasema Spana alimuuliza, “Dada, sasa tufanyeje?”

“Acheni kusukuma. Tafuta mtu aufungue ukurasa, akusomee. Usikisie, na mimi usiniombe nikisie.”

Ilichukua dakika hamsini kupata ruhusa ya kuifungua kompyuta, kwa sababu mwenye kutoa ruhusa alikuwa kwenye kikao kuhusu Mfumo Mpya. Dakika hamsini hizo wauguzi walibeba ndoo kutoka tangi la nyuma, na jenereta ikazimwa isije ikaungua, akina mama wawili wakiwa katikati ya uchungu na dirisha ndilo taa yao. Hatimaye fundi wa kompyuta alisoma kwa simu, neno kwa neno: inafungwa kushoto, mizunguko ishirini na sita, ukifika wa kumi na nane itakaza, usilazimishe, rudi miwili kisha endelea. Ilikaza kwenye wa kumi na nane. Walirudi miwili. Maji yakakata. Watoto wote wawili walizaliwa salama, hospitali imethibitisha.

Ripoti iliyopelekwa kwa mkurugenzi siku ya pili inasema hitilafu ilidhibitiwa kwa msaada wa Mfumo Mpya. Sentensi hiyo si kweli. Jarida hili limeisoma ripoti, limezungumza na watu wote wanne waliokuwa kwenye chemba na aliyesoma ukurasa, na linarudia: si kweli. Na hata baada ya hapo, amri ya kufuta kompyuta ilibaki palepale.

Iliyoisimamisha ni fomu ya makabidhiano. Kila anayestaafu hurudisha vifaa, na msimamizi wa zamu hutia sahihi kwamba amevipokea. Bila sahihi hiyo ofisi ya utumishi haiwezi kufunga faili. Jumatatu wiki hii Spana alijaza: spana kubwa tatu, buti, koleo, taa ya kichwani. Mstari wa kumi na nne akaandika kurasa 1,312. Kwenye safu ya kupokelewa akaandika: bado. Akagoma kutia sahihi. Afisa utumishi akamweleza kwamba kurasa si kifaa. Spana akamuuliza, katika vifaa vyote vilivyokuwapo mbele ya hospitali, ni kipi kilichofunga maji. Mafundi kumi na mmoja wakaandika majina yao nyuma ya fomu, na afisa akajikuta na faili lisilofungika na sherehe iliyokwisha kutangazwa.

Jumatano amri ikafutwa. Kurasa zimenakiliwa mahali patatu, na kompyuta inabaki mezani pake karakana. Onyo lingali kwenye faili lake mpaka tunapokwenda mitamboni. Liondolewe. Mwenye kuliandika anajua chumba cha majalada kilipo.

Jana asubuhi Bi Daftari alifika kukabidhi. Spana alimvutia kiti, yeye akakikataa, akamkalisha Spana. Akamwambia aandike ukurasa wa valvu mpya ya njia ya kiwandani, ambayo Bi Daftari mwenyewe hajawahi kuiona. Spana aliandika kwa vidole viwili, jasho likimtoka. Bi Daftari alisoma kutoka begani, akauliza mbona hajasema kwa nini imewekwa upande wa kusini. Spana akaongeza mistari miwili. Bi Daftari akausoma tena, akasema haya, huo ni wa 1,313. Hapo ndipo Spana alipotia sahihi.

Bi Daftari, asante kwa mitaro, kwa chemba, na kwa kutufundisha kuandika tulichokosea kabla ya tulichopatia. Ulistahili kuondoka kwa heshima zaidi ya hii, na tunaona aibu kwa niaba ya wasioiona. Nenda na afya njema kwa mumeo na wanao, na kabati lile sasa lipate sahani. Tukikupigia simu kuuliza valvu, usipokee. Tutasoma.