Bi. Bitutu Mokua na Sakafu za Suna

Ifikapo tarehe 30 Juni 1998, Bi. Bitutu Mokua atakabidhi funguo za nyumba za kupangisha za chama chetu cha ushirika hapa Suna, mjini Migori, baada ya kuzisimamia kwa miaka ishirini na mitatu. Alianza kazi kama karani mjini Homa Bay, kisha akaletwa Migori. Tangu hapo, mpangaji aliyepasukiwa na bomba hakumtafuta mtu mwingine.

Wengi watamkumbuka kwa ucheshi wake. Sisi tuliofanya naye kazi tunakumbuka zaidi mwaka 1995, alipopewa jukumu la kukarabati sakafu, na nusura limshinde.

Sakafu za zamani zilikuwa zimepasuka na kutoa vumbi. Chama kilitaka kitu cha kudumu ambacho hakingewapandishia wapangaji kodi. Kila mtu alikuwa na lake. Hemed, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisifu vigae vya plastiki. Mwenyekiti alitaka terazo, sakafu ya vipande vya mawe inayong'aa kama ya benki. Mweka hazina alisema simiti tupu inatosha. Bi. Bitutu alikubaliana na kila aliyezungumza naye, mpaka azungumze na mwingine. Mwishowe akachagua vigae, kwa kuwa vilikuwa nafuu na havikuchukua muda kubandika.

Mvua za masika zilipoanza, vigae vya nyumba ya Faduma, mshonaji nguo, vikaanza kubanduka. Chini yake kulikuwa na maji. Bi. Bitutu alikagua paa, halikuvuja. Akakagua mabomba, yalikuwa mazima. Kisha akafanya jambo lililokuja kumuuma: alimwambia Faduma kuwa anaosha nyumba kwa maji mengi mno, na akiendelea hivyo itabidi ahame.

"Mama, haya maji mimi nayafuta, siyamwagi," Faduma alimjibu.

Jibu hilo lilimkosesha raha. Kesho yake alifungua nyumba ya jirani, ambayo haikuwa na mpangaji, akainua kigae kimoja. Maji. Akainua cha pili. Maji. Alituita, na hakuna aliyeelewa kitu. Ndipo fundi Gichana alipovunja kipande cha sakafu na kukuta simiti imemwagwa juu ya udongo mtupu, bila mawe wala karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Muda wote huo tulibishana kuhusu cha kuweka juu, kumbe tatizo lilikuwa chini.

Kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, Bi. Bitutu alikwenda kwa Faduma.

"Nilikukosea," alimwambia. "Huendi popote."

Halafu akaiomba kamati ibomoe sakafu zote, iweke mawe, nailoni na zege, na kumalizia kwa simiti laini yenye rangi nyekundu. Wanakamati walinuna. Aliwaeleza kwamba kubandika vigae upya kila baada ya masika kungewagharimu zaidi, na hakurudi nyuma mpaka wakakubali. Hata mvua kubwa za mwaka jana ziliziacha sakafu hizo kavu.

Faduma bado anaishi pale pale, na ndiye aliyemshonea Bi. Bitutu gauni la siku ya kuagwa. Tulipomuuliza mstaafu wetu atafanya nini shambani kwake Rodi Kopany, alisema bado hajui, na safari hii hataki ushauri wa mtu.

Asante, mama. Kapumzike vyema, afya isikupungukie, na mlango wako usikose wageni.