Mrusho wa Mwisho Kwenye Kioo

Kuna benchi mtaa wa Satwa, huku Uarabuni, nyuma ya duka la fundi cherehani, lililotupwa na mwenye mgahawa likaokotwa na Waafrika. Mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Ukikaa vibaya unawamwaga wenzako. Kila Ijumaa baada ya swala, ukuta ukishatoa kivuli, hukutana hapo watu watatu. Protas, Mtanzania, dereva wa familia moja, anaitwa Waziri kwa sababu hakuna swali linalomshinda kujibu. Yeye ndiye huleta chupa ya gahwa, kahawa ya Kiarabu, iliyobakizwa na wageni wa madam wake. Ashiraf, Mganda, fundi wa gereji, anaitwa Spana. Wa tatu ni Wilbard, Mtanzania naye, mlinzi wa jengo la ghorofa, mrefu hata milango humwinamisha. Huyo ni Mnara. Ijumaa hiyo ya Mei 2012 Mnara alifika wa kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea. Tangu Jumapili alikuwa na kitu kifuani na hakuwa na wa kumwambia.

Kitu chenyewe kilikuwa mpira wa kikapu. Mnara aliucheza shuleni Moshi mpaka magoti yakamgomea, na Jumapili ile aliiona fainali ya klabu za Ulaya, kutoka Istanbul, akiwa zamuni. Televisheni ya mapokezi ya jengo huwashwa bila sauti kwa ajili ya wageni, nayo iko nyuma ya mgongo wa mlinzi. Kugeuka hawezi, maana kamera inamtazama usoni. Basi Mnara hutazama kwenye kioo cha mlango, na namba amezoea kuzisoma kinyume. Olympiacos ya Ugiriki ilikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa, ikaja kuifunga CSKA ya Moscow kwa pointi moja, na mrusho wa mwisho ukaingia imebaki chini ya sekunde. Mapokezini kote alikuwako Mnara tu na sakafu iliyong'arishwa. Leo alitaka mtu mmoja tu aliyeona alichokiona yeye.

— Wallahi niliiona! alisema Spana kabla hajaketi. Blanketi kichwani, simu mkononi, sauti nimezima. Wenzangu chumbani wanaamka alfajiri kwenda saiti, ukikohoa tu ni kesi.

— Na mimi, alisema Waziri akimimina gahwa. Kwenye chumba cha dereva, pale getini. Televisheni ndogo, lakini ni yangu.

Moyo wa Mnara ulimruka. Wawili kwa mpigo!

— Enhe, ule mwisho sasa...

— Ngoja, mwanangu, Waziri alimkata. Kwanza sababu. Timu haitoki kwenye shimo la pointi kumi na tisa hivi hivi. Wale wa Moscow walishasema khalas, imekwisha, wakaanza kufikiria picha watakazopiga na kombe.

— Hapana, ssebo, alisema Spana. Ni mpira. Ule mpira ulibadilishwa. Kipindi cha tatu kinaisha, wakaleta mwingine wenye upepo wa Kigiriki.

— Upepo una kabila?

— Mimi najaza matairi kila siku, halafu dereva unifundishe upepo!

Waziri alikunja mguu, ishara kwamba sasa ndiyo anaanza kusema uongo wa kweli.

— Sikieni. Wagiriki wale wanatoka mji wa bandari. Kila bandari ina jini lake. Jini lao lilipanda meli kwenda Istanbul, likachelewa, likaingia ukumbini kipindi cha nne. Yule wa Moscow alikosaje mitupo miwili ya adhabu, mtu mzima, hajaguswa na mtu? Alishikwa kiwiko!

— Na jini lilichelewa nini? aliuliza Spana.

— Uhamiaji! Visa yake ilikuwa ya matembezi, kafeel wa kulidhamini hajulikani.

Walicheka mpaka benchi likayumba. Mnara naye alicheka, lakini aliona wanamkimbiza mbali na kile alichokijia.

— Achaneni na jini, jamani. Ule mrusho. Yule bwana kaupokea, kaupandisha taratibu kwa mkono wa kushoto, juu ya mikono yao...

— Wa kulia, alisema Spana.

— Kushoto, kaka. Nimeona kwa macho yangu.

— Kulia! Waziri, ulikuwa mkono gani?

— Kulia. Mnara, unatupiga kamba. Wewe umesimuliwa tu.

Ndipo Mnara alipokikumbuka kioo. Namba alikuwa amezigeuza zote, mikono akaisahau. Wiki nzima aliishi na kitu kimoja kizuri, nacho kumbe alikiona kinyume. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

— Niliona kwenye kioo cha mlango, alisema. Televisheni iko nyuma yangu.

Walicheka tena. Waziri alisema mlinzi wa namna hiyo mwizi atamwona akitoka wakati ndiyo anaingia. Hapo ndipo Jovia alipotokeza uchochoroni, binamu yake Spana, aliyewasili kutoka Masaka wiki hiyo kufanya kazi hotelini. Spana alikuwa amemwelekeza benchi lilipo. Jovia aliwaamkia, akapewa kikombe, akasimuliwa fainali yote, pamoja na upepo, jini na kioo. Alisikiliza vizuri.

— Ilikuwa nzuri, bambi, alisema kwa upole wa Kiganda. Na ulipoingia ule wa mwisho, mlimkumbatia nani?

— Vipi? aliuliza Spana.

— Kwetu, kwenye kibanda cha kutazamia mpira, goli likiingia unamkumbatia yeyote, hata usiyemjua. Nyinyi mlimkumbatia nani?

Spana alitoa simu yake akaitazama, ingawa haikuwa imelia. Waziri, ambaye hakuna swali linalomshinda, aliinamisha chupa juu ya kikombe chake. Yalitoka matone mawili na mbegu ya iliki. Aliendelea kuishikilia hivyo hivyo.

Mnara alikuwa na jibu, lakini halikuwa la kusemwa mbele za watu. Mpira ulipozama alisahau kamera, akainua mkono juu. Kule kwenye kioo mtu mrefu mwenye sare naye akainua wake, na kwa kitambo kidogo Mnara alifurahi sana kwamba hakuwa peke yake.