Gervasi Nyandwi, Dereva Aliyechorwa Bila Uso

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Gervasi Nyandwi anakabidhi ufunguo wa gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Nimeombwa niandike maneno matamu ya kusomwa kwenye hafla ya kumuaga, na ningeweza sana. Niliolewa mwezi uliopita, na tangu Fideli wangu anivike pete, hata foleni ya mapokezi naiona kama maandamano ya harusi. Lakini kwa habari hii nina hasira, na furaha yangu yote haijaizima.

Alianza mwaka 1994, wakimbizi walipofurika Ngara, akiendesha lori la maji kambini. Baadaye akahamia kwetu Biharamulo. King'ora kikiharibika, alitoa kichwa dirishani akaimba nyimbo za kwaya mpaka malori ya barabara ya Lusahunga yakampisha. Wapo watoto waliozaliwa garini kabla hajafika kituoni. Wawili walipewa jina lake, na mmoja ni wa kike, Gervasia. Bwana Gervasi anampenda waziwazi mke wake, Mama Dafroza: kila akitoka mjini humletea andazi la moto alilolificha ndani ya shati. Namwomba Mungu Fideli aige.

Kisha ukaja mlipuko wa ile homa kali ya kuambukiza. Bwana Gervasi alivaa mavazi meupe ya kujikinga, barakoa na miwani, akaingia vitongojini kuchukua wagonjwa. Watu walijifungia, wakampigia kelele madirishani: "Gari la makaburi, pita huko huko!" Ni watu hao hao aliowahi kuwakimbizia wake zao hospitali!

Katika nyumba moja alimkuta Nice, mtoto wa miaka minane, kando ya mama yake aliyekwisha kufa. Hakuna jirani aliyempa hata maji. Gervasi akambeba. Mtoto alipimwa, akakutwa mzima, lakini ndugu zake wakakataa kumchukua. Amelelewa na wauguzi wetu mpaka leo.

Mlipuko ulipokwisha, wageni wa shirika la misaada walipeleka kalamu za rangi shuleni ili watoto wachore walichokiona. Nice alichora gari, na dereva asiye na uso, mwenye mikono mikubwa kuliko magurudumu. Mchoro ukabandikwa ukumbini siku ya mkutano wa wananchi na mgeni mmoja akatufafanulia: kukosa uso ni kifo, mikono mikubwa ni hofu ya kunyakuliwa. Watu wazima wakatikisa vichwa. Mmoja akamcheka Gervasi, "Umeona, mzee? Hata watoto wanakujua." Na mchoraji ameketi palepale, hakuna aliyemuuliza!

Gervasi alimuuliza. Alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, babu," Nice alisema.

"Marahaba, mama. Mbona hukunipa uso?"

"Sikuuona. Ulikuwa umeufunika. Mikono niliiona, ndiyo ilinibeba."

"Na majirani, mbona hukuwachora?"

"Hawakutoka."

Nilitaka kupiga kelele, na bado nataka, kwa sababu baada ya jibu lile hakuna kilichobadilika. Watu walifuta machozi, wakanywa soda, wakaenda zao. Hakuna ndugu aliyejitokeza. Bado wanamwita "mtoto wa homa", na shuleni hakuna anayekubali kukaa naye dawati moja. Mnajijua, na baadhi yenu leo mmekuja kumpigia makofi mstaafu wetu. Pigeni, anastahili. Ila mjue tunawaona.

Bwana Gervasi na Mama Dafroza wamekamilisha taratibu za ustawi wa jamii. Jumamosi wanahamia shambani kwao Mabawe, na Nice anakwenda nao kama mtoto wao.

Asante, baba yetu. Uishi miaka mingi na huyo mke unayempenda, migomba ikuzalie, usingizi wako usikatizwe tena na simu ya dharura. Nanyi majirani wa Mabawe mtakaowapokea, tunawaomba jambo moja tu: Jumamosi hiyo msimpakulie Nice sahani ya peke yake. Mketisheni kwenye sinia moja na watoto wenu.

Esperansia, Mapokezi