Klipu Anasubiri Prosesa Ishuke Bei

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la samaki, Bagamoyo, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapa nausikia mimi kwanza. Jana alasiri mada ilikuwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Husseni, tunamwita Klipu kwa sababu anapiga na kuhariri video za harusi, kompyuta yake imechoka. Duka moja Kariakoo limepunguza bei ya prosesa kwa kuwa karibuni linatoka toleo jipya. Anunue sasa, au asubiri ishuke zaidi? Na huku mkanda wa harusi ya Adila wa Mlingotini umelala kwake. Bi Esha, bibi yake Adila, aliyecheza siku ile mpaka khanga ikamwanguka, ameshatangulia mbele ya haki. Ijumaa hii ni arobaini yake, na wajukuu wanataka kumwona tena.

Khamis Mnada, anayenadi samaki pale ufukweni, ndiye aliyeanza.

MNADA: Usinunue! Samaki changu wa asubuhi na changu wa jioni bei moja? Jua likishuka, mwenye mzigo anakubembeleza mwenyewe.

KLIPU: Prosesa haiozi, Mnada.

MNADA: Kila kitu kinaoza. Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

MIMI: Hiyo ni ya kulea watoto.

MNADA: Wewe mimina kahawa.

Bwanaheri, fundi wa madishi, jina la kijiweni Setilaiti, akasogea.

SETILAITI: Nyie hamjui kitu. Hilo toleo jipya liko tayari zamani, wamelificha ghalani. Wanangoja tumalize kununua la zamani. Ukilipa tu, kesho yake wanatangaza.

KLIPU: Watajuaje kama nimenunua?

SETILAITI: Madishi nafunga mimi, bwana. Unadhani dishi linapokea tu?

Klipu akainua macho kwenye dishi la jirani. Akatafuna kashata.

Akaingia Muhidini. Huyu tunamwita Mwandamo, kwa ubishi wake wa mwezi kila Ramadhani.

MWANDAMO: Hata wakitangaza huko Marekani, sisi halituhusu. Mpaka lionekane hapa hapa, kwa macho. Mvumilivu hula mbivu.

MNADA: Likionekana Kariakoo, Bagamoyo tufuate?

MWANDAMO: Hapo wanazuoni wamekhitilafiana.

KLIPU: Lakini likishatoka hili jipya, mwakani si linakuja jingine?

MNADA: Basi subiri hilo la mwakani, ili hili jipya nalo liwe la zamani, lishuke!

Klipu akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Mimi nilikasirika, sifichi. Bi Esha alikuwa mteja wangu, na kashata za wajukuu alinunua kwangu.

Ndipo akatokea Adila mwenyewe, buibui limejaa vumbi la njia.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Pole na msiba.

— Nimeshapoa. Kaka Husseni, mkanda wetu?

— Mdogo wangu, nasubiri prosesa ishuke bei.

— Kwani kompyuta yako haiwaki?

— Inawaka. Ila imechoka, mkanda mmoja inautoa usiku kucha.

— Na tangu harusi yangu, usiku haujaingia?

Mnada akatazama kikombe. Setilaiti akatazama dishi. Mwandamo alitazama mbinguni, na mwezi haukuwepo. Kisha wote watatu wakaninyooshea vikombe kwa pamoja. Nikainamisha birika, yakatoka machicha.

Klipu aliacha kashata nusu juu ya benchi.

— Njoo asubuhi, — alimwambia Adila. — Mlete na mama.

Adhana ya magharibi haijatoka, nikiwa naosha vikombe, nikasikia kutoka dukani kwa Klipu, hapo jirani, vigelegele vya Bi Esha. Vinakatika, vinaanza tena, vinakatika. Ile kompyuta inakwenda polepole, lakini inakwenda.